Majina ya Kilatini, Kuanzia Sirari Hadi Mugumu

Mada ya leo ni majina ya mimea, hasa yale marefu ya Kilatini yanayochapishwa kwa herufi za mlazo katika vitabu vya kilimo na kwenye baadhi ya pakiti za mbegu. Wengi wetu tukiyaona tunayaruka, tukidhani ni ya maprofesa. Mimi nasema yanamfaa mkulima, yanamfaa mama mwenye bustani ya mboga, yanamfaa mganga wa mitishamba na mfugaji pia. Ushahidi wangu wa kwanza upo kando ya barabara.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti kuna gugu lililoshika mashamba yaliyoachwa, malisho na kingo za barabara. Bila shaka umeshalipita. Majani yake yana umbo la pembetatu, yanakaa mawilimawili yakitazamana kwenye shina. Chukua jani moja uligeuze: utaona mishipa mitatu mikubwa inayoanzia karibu na kikonyo na kupanda kuelekea kwenye ncha. Lifikiche kiganjani, litatoa harufu kali iliyo karibu na ya tapentaini. Maua yake ni madogo, meupe yanayoelekea zambarau, yamejikusanya vishada vishada. Yakikauka hutoa mbegu nyepesi zenye manyoya, na upepo ukivuma zinaondoka nao. Ng'ombe hawalitaki. Kiangazi kikikaza linashika moto upesi, na baada ya moto linachipua tena kutoka kwenye mizizi.

Jina lake la Kilatini ni Chromolaena odorata. Litamke kama unavyosoma Kiswahili: Kromolena odorata.

Sasa sikiliza safari ya gugu hili. Asili yake ni bara la Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani na Meksiko hadi Argentina. Kila lilikoingia, wenyeji walilibatiza. Ghana wanaliita Acheampong, jina la jenerali aliyetawala nchi hiyo miaka ya 1970. Nigeria watu wengi wanaliita Awolowo, jina la mwanasiasa wao mkubwa. Asia limejulikana kama gugu la Siam, ingawa halikutoka Siam, yaani Thailand ya sasa. Nasi huku mkoani Mara tuna majina yetu, kila lugha na lake. Majina hayo yote ni halali, na yana historia ndani yake. Lakini mkulima wa Tarime akimtajia mkulima wa Ghana jina la Kikurya, mazungumzo yanakwama hapo hapo, wakati wote wawili wanapambana na adui mmoja.

Taja Chromolaena odorata, mlango unafunguka. Utajua kwamba huko Indonesia na Papua New Guinea walimtumia inzi mdogo aitwaye Cecidochares connexa, ambaye hutaga mayai kwenye chipukizi. Funza wake hukaa ndani ya shina, shina linavimba, na gugu linapoteza nguvu. Utajua pia kwamba lifyekwe kabla mbegu hazijakomaa, na kwamba kulifyeka bila kung'oa mzizi ni kulipogoa tu. Maarifa hayo yametafutwa kwa miaka mingi na kwa fedha nyingi, katika nchi zilizo mbali nasi, na yote yamehifadhiwa chini ya maneno mawili. Asiyeyajua maneno hayo anaanza upya, peke yake, kwa jembe.

Na jina lenyewe lina msaada wake. Neno odorata maana yake ni lenye harufu. Kwa hiyo ukifikicha jani na husikii kitu, huenda umeshika mmea mwingine.

Ukikutana na vitabu vya zamani, vya kabla ya mwaka 1970, utalikuta gugu hilo hilo likiitwa Eupatorium odoratum. Mwaka huo wataalamu walilihamishia kwenye jenasi nyingine. Tazama mwisho wa neno la pili: odoratum limekuwa odorata. Kwa nini? Kwa sababu Kilatini, kama Kiswahili na kama Kikurya, kina upatanisho. Sisi tunasema mti mzuri, kiti kizuri, nyumba nzuri. Nomino ikibadilika, kivumishi kinaifuata. Kilatini kinafanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba mabadiliko yake yanakaa mwishoni mwa neno badala ya mwanzoni. Ndiyo maana kitunguu saumu ni Allium sativum na mpunga ni Oryza sativa. Neno ni lile lile, maana yake ni kilichopandwa na mkono wa mtu, na linajipatanisha na nomino iliyolitangulia. Utalikuta hata kwenye jina la bangi, Cannabis sativa, zao ambalo serikali imekuwa ikiliteketeza kila mara hapa Tarime. Na hapo pia linasema tu kwamba mmea huu hulimwa.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu naamini sisi wasemaji wa lugha za Kibantu tunayo faida katika majina haya, na hakuna aliyetuambia. Nomino inatangulia, sifa inafuata, kama kwetu. Irabu ni zile zile tano, na unasoma kilichoandikwa. Mtoto wa darasa la sita pale Mugumu anaweza kusoma Coffea arabica kwa usahihi kuliko Waingereza wengi, ambao lugha yao huzivuruga irabu. Kumbuka tu kwamba herufi c mbele ya a, o na u inasomwa k. Basi, umeshaanza.

Aliyetupatia utaratibu wa majina mawili ni Carl Linnaeus, tabibu na mwanabotania wa Sweden aliyezaliwa mwaka 1707. Kabla yake jina la mmea mmoja liliweza kuwa sentensi nzima, inayoeleza majani, maua na matunda, na kila mtaalamu alikuwa na sentensi yake. Katika kitabu chake cha mwaka 1753, Species Plantarum, kila mmea ulipata maneno mawili. La kwanza ni la jenasi, nami naliona kama jina la ukoo. La pili linamtofautisha huyu na ndugu zake ndani ya ukoo huo. Alitumia Kilatini kwa kuwa ndiyo lugha ambayo wasomi wa Ulaya waliandikiana wakati ule, na ilikuwa imebaki bila taifa linaloizungumza kama lugha ya mama.

Neno la ukoo linaweza kukuokolea msimu mzima. Nyanya ni Solanum lycopersicum. Kiazi mviringo ni Solanum tuberosum. Biringanya ni Solanum melongena, na ngogwe, yaani nyanya chungu, ni Solanum aethiopicum. Mnavu nao ni Solanum. Kwa macho, kiazi na nyanya havifanani hata kidogo jikoni. Lakini majina yanakwambia ni ndugu, na ndugu hawa wanagawana magonjwa. Mnyauko bakteria unaoua nyanya unabaki kwenye udongo ukisubiri viazi. Bakajani chelewa inahama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Mkulima wa nyanda za juu za Tarime anayetoa viazi na kupanda nyanya kwenye tuta lile lile, akidhani amebadilisha zao, amebadilisha jina la jikoni tu. Apande mahindi, Zea mays, au maharage, Phaseolus vulgaris, ambayo ni ya ukoo wa mbali kabisa.

Sasa tuingie ndani ya boma. Maboma mengi ya Mara yamezungushiwa mnyaa, ule mmea wa vijiti vya kijani usio na majani ya kuonekana, ambao ukiukata unatoa utomvu mweupe. Jina lake ni Euphorbia tirucalli. Utomvu huo ni hatari kwa macho, unaweza kumpofusha mtu, kwa hiyo wazazi wawakanye watoto wanaouchezea. Neno tirucalli limetoka pwani ya Malabar, kusini mwa India, kwa kuwa Linnaeus aliufahamu mmea huu kupitia kitabu kikubwa cha mimea ya huko kilichoandaliwa na Mholanzi Hendrik van Rheede katika karne ya 17. Lakini mnyaa ni mmea wa Afrika. Umepewa jina la ugenini kwa sababu waandishi walikutana nao ugenini.

Kahawa yetu ya Tarime imepatwa na jambo kama hilo. Coffea arabica, kahawa ya Uarabuni! Ulaya ilikuwa ikiipata kahawa kupitia Yemen, na Linnaeus akaamini ndiko kwao. Asili ya mti huo ni misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia. Kosa limejulikana zamani sana, na jina limebaki, kwa sababu sheria za majina ya mimea haziruhusu kulifuta jina eti maana yake haikuwa sahihi. Jina likishachapishwa kihalali linabaki kuwa kitambulisho. Kwa hiyo, msikilizaji, usome jina la mahali kwa tahadhari: linakwambia mtu wa kwanza alidhani nini, na mara nyingine alidhania vibaya.

Jirani na kahawa ipo migomba. Musa ni jina la jenasi yake, na wengi hulitoa kwenye neno la Kiarabu mauz, ingawa wapo wanaolihusisha na Antonius Musa, tabibu wa Kaizari Augusto wa Roma. Nalitaja hilo kwa sababu Plini, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba tabibu huyo alikuwa na kaka yake aitwaye Euphorbus, aliyemtibu mfalme Juba wa Mauretania, na mfalme huyo ndiye aliyeupa mmea wa utomvu jina la tabibu wake. Kama masimulizi hayo yana ukweli, basi boma la Tarime lenye ua wa mnyaa na migomba katikati limewahifadhi ndugu wawili wa Kirumi kwa pamoja.

Jina ninalolipenda kuliko yote ya shambani ni la ulezi, Eleusine coracana. Wakurya wanaujua ulezi tangu enzi za mababu, kwa ugali na kwa uji. Nyanda za juu kutoka Ethiopia hadi Uganda ndiko ulikoanza kulimwa, kisha ukasafiri hadi India katika nyakati za kale. Neno coracana limetokana na jina la ulezi huko Sri Lanka, kurakkan. Na Eleusine ni kutoka mji wa Eleusis wa Ugiriki, palipokuwa na hekalu la Demeter, mungu wao wa kike wa nafaka. Nafaka iliyodharauliwa kwa miaka mingi, ikaitwa chakula cha maskini, imebeba jina la hekalu la mavuno yenyewe.

Mengine tuyapitie haraka. Ukoka ni Cynodon dactylon: neno la kwanza ni jino la mbwa, la pili ni kidole, na ukikitazama kichwa cha mbegu za ukoka utaona kimetanuka kama vidole vya mkono ulio wazi. Mgagani ni Gynandropsis gynandra, na ndani ya gynandra kuna maneno ya Kigiriki ya mwanamke na mwanamume. Chuma ua moja uliangalie kwa makini, utakuta sehemu za kiume na za kike zimesimama pamoja juu ya kijiti kimoja kirefu kilichotoka katikati ya petali. Katani ni Agave sisalana, kutokana na bandari ya Sisal huko Meksiko ambako nyuzi zake zilisafirishwa. Kifauongo, kile kimea kinachojikunja ukikigusa, ni Mimosa pudica. Sisi tumesema kinajifanya kufa, wao wakasema kina haya. Tangawizi ni Zingiber officinale, na popote utakapoona officinale au officinalis, fahamu kwamba mmea huo uliwekwa zamani kwenye maduka ya dawa ya Ulaya. Muhogo ni Manihot esculenta, unaofaa kuliwa, na wewe unajua kwamba ule mchungu haufai mpaka utayarishwe. Kivumbasi kimoja kinachofukuza mbu kinaitwa Ocimum kilimandscharicum, mlima wetu ukiwa umeandikwa kwa tahajia ya Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanganyika.

Nimesema dawa, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu linahusu afya.

Mwarobaini ni Azadirachta indica. Kuna mti mwingine unaofanana nao, Melia azedarach, unaopandwa kwa kivuli na mbao, na katika nyanda za juu za Kenya watu wengi wanauita mwarobaini huo pia. Jirani zetu hao tunavuka mpaka wa Sirari kwenda kwao kila siku, na miche na magome yanavuka nasi. Tofauti ya miti hii miwili ni kubwa: matunda ya melia yana sumu, yanadhuru watu na yanaua nguruwe. Sasa sikiliza majina: azadirachta, azedarach. Yamekaribiana kwa sababu yametoka kwenye maneno yale yale ya Kiajemi, azad na dirakht, mti ulio bora. Linnaeus mwenyewe mwaka 1753 aliiweka miti yote miwili katika jenasi ya Melia, na mwarobaini ukaja kutengwa baadaye, mwaka 1830. Kuchanganyikiwa huku, basi, ni kwa zamani sana, na ndiyo sababu tahajia isichukuliwe kwa wepesi. Herufi chache zikikosewa kwenye lebo ya kitalu, mtu ameuziwa mti mwingine.

Ukitaka kuhakikisha, shika jani lote, tangu linapoungana na tawi. La mwarobaini lina kikonyo kirefu kimoja, na vijani vidogo vimepangwa kulia na kushoto kwake, basi. La melia, kikonyo kikuu kinatoa kwanza vikonyo vidogo pembeni, na vijani vinakaa juu ya hivyo vikonyo vidogo. Jani linagawanyika mara mbili. Maua ya mwarobaini ni meupe. Ya melia ni ya zambarau hafifu, na katikati ya kila ua kuna kijineli cha zambarau iliyokolea. Tunda la mwarobaini limerefuka kidogo, la melia ni la mviringo, na hubaki likining'inia mtini hata majani yakishapukutika. Mama anayechemsha majani kwa ajili ya mtoto wake anastahili kujua anachemsha mti gani, na anayemuuzia miche ana wajibu wa kumwambia.

Kuna kundi jingine la majina, yale ya watu. Ukiona neno la pili limeishia na ii, au iana, mara nyingi umekutana na mtu. Yale maua laini ya kivulini, mekundu, meupe na ya waridi, yanayopandwa kwenye makopo barazani, ni Impatiens walleriana. Impatiens maana yake asiye na subira, kwa kuwa vibumba vya mbegu vilivyokomaa hupasuka vikiguswa. Waller alikuwa Mwingereza Horace Waller, mmisionari na rafiki wa Livingstone. Mwaka 1882 maua hayo hayo, yaliyotumwa Uingereza na balozi John Kirk kutoka Zanzibar, yalipewa jina Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye ikaonekana kwamba mmea ule ulikuwa na jina tayari tangu mwaka 1868, lile la Waller, na sheria inasema jina lililotangulia kuchapishwa ndilo linaloshinda. Sultani akapoteza.

Na wapo waliopata jina la ukoo mzima. Ua la Usambara linalopamba madirisha Ulaya na Amerika liliitwa Saintpaulia ionantha mwaka 1893, kutokana na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga. Mwaka 2015 wanasayansi walilihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, baada ya kuchunguza vinasaba. Watu wa maduka ya maua wanaendelea kuliita Saintpaulia, na sioni kwamba watakoma hivi karibuni.

Hamisho linalotugusa sisi zaidi ni la migunga. Ukiwa Serengeti, mti ulio mbele ya macho yako ni mgunga, na kwa zaidi ya karne mbili migunga yote iliitwa Acacia. Neno hilo ni la kale kuliko Linnaeus. Dioscorides, tabibu wa Kigiriki wa karne ya kwanza, aliandika juu ya akakia, mti wa miiba wa Misri, na wengi hulihusisha neno hilo na miiba yenyewe. Uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba kundi hilo kubwa ni koo kadhaa tofauti. Hilo ni kweli na silipingi. Likabaki swali: ni ukoo upi utabaki na jina Acacia? Australia ina aina zipatazo 1,000, nyingi zikiwa hazina miiba. Afrika ina chache zaidi, lakini jina lilizaliwa kwenye mti wa kwetu, unaoota kando ya mto Nili. Mkutano wa kimataifa wa botania uliofanyika Vienna mwaka 2005 uliwapa Australia, kwa hoja kwamba hivyo majina machache zaidi yatabadilishwa, na mkutano wa Melbourne mwaka 2011 ukathibitisha.

Migunga yetu ikagawanywa. Mingine imekuwa Senegalia, mingine Vachellia, kutokana na George Harvey Vachell, kasisi wa Kiingereza aliyekusanya mimea huko China. Nasema waziwazi kwamba uamuzi huo uliniuma, na unaniuma bado. Hoja ya wingi ilishinda hoja ya chimbuko, na mti unaotambulisha nyika ya Afrika mbele ya dunia nzima ulinyang'anywa jina lake. Lakini mgawanyo wenyewe una faida kwa anayetembea porini. Tazama tawi. Mara nyingi Vachellia ina miiba iliyonyooka, miwili miwili, na maua yake ni vitufe vya mviringo. Senegalia ina miiba mifupi iliyopinda kama kucha, na maua yake yamepangwa kwenye mashuke marefu. Ule mgunga wa kilele kilichotandazwa, Vachellia tortilis, unachanganya miiba mirefu iliyonyooka na mifupi iliyopinda kwenye tawi moja, na neno tortilis linaeleza maganda yake yaliyojisokota. Ule wenye gome la njano kando ya maji ni Vachellia xanthophloea, na neno la pili maana yake ni gome la njano. Ule mfupi wa udongo mweusi, wenye vivimbe vinavyokaliwa na sisimizi na kupiga mluzi upepo ukipita, ni Vachellia drepanolobium, wenye maganda kama mundu. Mwongoza watalii wa Fort Ikoma akiwaeleza wageni mambo hayo kwa kushika tawi mkononi, ameongeza thamani ya kazi yake siku hiyo hiyo.

Mikutano hiyo inaweza pia kusahihisha. Kwa muda mrefu mimea mingi ya kusini mwa Afrika iliitwa caffra, neno lililotokana na kafiri, ambalo Makaburu walilifanya tusi kwa Mwafrika. Mwaka 2024, mjini Madrid, wanabotania walipiga kura majina hayo, yanayozidi 200, yabadilishwe. Ua wa miiba wenye matunda ya njano machachu, unaopandwa kuzunguka nyumba katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, ulikuwa Dovyalis caffra. Sasa ni Dovyalis affra, wa Afrika. Imeondolewa herufi moja, na nimefurahi kuliona hilo katika maisha yangu.

Utauliza, nitapataje jina la mmea uliopo kwangu? Anza na afisa ugani wa kata. Akishindwa, upo mkusanyo wa taifa wa mimea mikavu kule Arusha, Ngaramtoni, na mwingine upo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wataalamu wana kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki kilichoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, chenye aina zaidi ya 12,000 za Tanzania, Kenya na Uganda. Wao wanahitaji kitu kimoja kutoka kwako, sampuli nzuri.

Kata tawi lenye majani na maua, na matunda kama yapo. Jani moja tupu halitoshi. Litandaze katikati ya magazeti makavu, jani moja ligeuzwe upande wa chini uonekane, weka ubao juu na mawe mazito juu ya ubao. Badilisha magazeti kila siku mpaka tawi likauke kabisa, la sivyo litaota ukungu. Kwenye karatasi andika tarehe, kijiji, kata na wilaya, mahali ulipolikuta, iwe mtoni, kilimani au shambani, na urefu wa mmea. Andika rangi ya maua siku hiyo hiyo, maana ikikauka hupotea, na harufu, na kama una utomvu. Kisha muulize mzee au mama anayeufahamu mmea huo, uandike jina la Kikurya, la Kingoreme, la Kiikoma au la Kinata kama alivyolitamka, lugha uitaje, na matumizi yake. Karatasi hiyo itahifadhiwa pamoja na tawi, na jina hilo la nyumbani litaandikwa kwenye lebo ile ile yenye jina la Kilatini.